Stendi ya Darubini Haipimwi kwa Kilo

Anayeanza kupiga picha za nyota hupewa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: pima uzito wa darubini yako pamoja na kamera, zidisha mara mbili, kisha tafuta stendi yenye uwezo wa kubeba kiasi hicho. Darubini ikiwa na kilo 7, nunua stendi ya kilo 14. Ukitaka kutazama kwa jicho tu, jaza stendi mpaka kikomo alichoandika mtengenezaji. Ukitaka kupiga picha, ishia nusu. Wauzaji wanaisema, wageni wanaikariri, na wazoefu wanaifundisha kana kwamba ni sheria ya maumbile. Hiyo ndiyo kanuni ya nusu.

Naipinga, na siipingi nusunusu. Wapo wanaokiri kwamba ina kasoro, wakapendekeza theluthi mbili badala ya nusu, au theluthi moja kwa mwenye tahadhari zaidi. Hao wanabadilisha namba na kuliacha kosa palepale. Kanuni hii ni mbovu kwa sababu inapima kitu kisichohusika. Kinachoharibu picha ya nyota ni mwendo usiotakiwa, na mwendo huo hupimwa kwa pembe. Anayehesabu kilo anaweza kuuziwa chuma kikubwa asichokihitaji, au akahakikishiwa kwamba yuko salama ilhali hayuko. Yote mawili hutokea, na kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeagiza kifaa kutoka ng'ambo kwa akiba ya miaka, yote mawili ni hasara isiyofutika upesi.

Tuanze na kazi yenyewe. Ukiipima kwa nyota, Dunia hujizungusha mara moja kila saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo nyota iliyo karibu na ikweta ya anga huonekana ikihama kwa sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa. Sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Stendi ya ikweta huwa na mhimili uliolala sambamba na mhimili wa Dunia, na kazi yake ni kuizungusha darubini kinyume, kwa kasi ileile, dakika tatu, tano au kumi mfululizo, bila kupotoka zaidi ya sekunde moja hivi ya tao.

Ni muhimu msomaji auone udogo huo. Chukua mkono wa chuma wenye urefu wa mita 1, uushike upande mmoja, kisha usogeze ncha ya upande wa pili kwa maikromita 5. Umeuzungusha kwa sekunde moja ya tao. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 50 hadi 100. Maana yake ncha ya mkono ule ikisogea kwa unene wa unywele mmoja, nyota imekwisha kuchorwa kuwa mstari. Katika kiwango hicho, swali la kama stendi inaweza kubeba kilo 10 halina uzito wowote. Meza ya jikoni hubeba kilo 100 na hakuna anayeitarajia ifuate nyota.

Sasa tuwaulize watetezi wa kanuni: nusu ya nini? Namba ya kilo iliyoandikwa kwenye boksi haitokani na kipimo kimoja ambacho watengenezaji wote wanalazimika kukifuata. Kila mmoja anapima anavyojua na kutangaza anavyoona inafaa. Mmoja anaandika mzigo ambao mota zake zinaweza kuuzungusha bila kukwama. Mwingine anaandika mzigo ambao yeye mwenyewe angekubali kupigia picha. Kugawanya kwa mbili namba mbili zenye maana tofauti hakuzifanyi kuwa na maana moja.

Tazama stendi mbili zinazofahamika sana. EQ6-R Pro ya Sky-Watcher imetangazwa kubeba kilo 20, na kichwa chake peke yake kina zaidi ya kilo 17. AM5 ya ZWO, iliyoingia sokoni mwaka 2022, imetangazwa kubeba kilo 13 bila vyuma vya kusawazisha, na kilo 20 ukiviweka; kichwa chake kina kilo 5 na nusu. Kwa mwenye kanuni ya nusu, zote mbili ni stendi za kilo 20, basi zote zipewe kilo 10. Lakini ndani yake ni mashine mbili tofauti kabisa. Ya kwanza hutumia skrubu inayosukuma gurudumu lenye meno 180, ambapo skrubu hujizungusha mara moja kila dakika 8 hivi, na kosa lake hujirudia kwa mwendo huohuo wa taratibu. Ya pili hutumia gia za hamoniki, uvumbuzi wa Mmarekani C. Walton Musser wa miaka ya 1950, ambao uliwahi kutumika hata kwenye magurudumu ya gari lililoendeshwa juu ya Mwezi na wanaanga wa Apollo. Gia hizo ni nyepesi na zina nguvu ya ajabu, lakini kosa lake la mzunguko huweza kufika makumi ya sekunde za tao, na bila kamera ya pili ya kuiongoza stendi muda wote, picha haipatikani. Mtu anayehitaji kujua tofauti hiyo hataiona popote kwenye namba ya kilo.

Hoja nzito zaidi, hata hivyo, inatoka kwenye fizikia ya sekondari. Kitu kinachozungushwa hakipingi kwa uzito wake peke yake. Hupinga kwa jinsi uzito huo ulivyosambaa kutoka kwenye mhimili, na umbali huhesabiwa mara mbili: ukiuongeza umbali mara mbili, upinzani unaongezeka mara nne. Wanafizikia huuita upinzani huo inesha. Mwambie kijana wa sokoni apite uchochoroni na gunia la unga la kilo 10, kisha mpe bomba la maji la mita 6 lenye kilo hizohizo. Mizani haitaona tofauti, lakini mabega yake yataiona kwenye kona ya kwanza.

Tuiweke kwa namba. Chukua mirija miwili ya darubini, kila mmoja una kilo 9, na kila mmoja unazungukia katikati yake. Wa kwanza una urefu wa sentimita 40, umbo la darubini fupi za Schmidt-Cassegrain. Wa pili una urefu wa mita 1, umbo la darubini ya Newton yenye kioo cha milimita 200. Ukichukulia kwamba uzito umesambaa sawasawa, inesha ya mrija mfupi ni 0.12 kwa kipimo cha kilo na mita mraba, na ya mrija mrefu ni 0.75. Hiyo ni mara sita na zaidi, na kilo hazijabadilika hata gramu. Sasa funga kamera ya gramu 700 pale inapofungwa kwenye darubini ya Newton, karibu na mdomo wa mrija, sentimita 45 kutoka katikati. Kamera hiyo peke yake inaongeza 0.14. Gramu 700 zimeleta upinzani mkubwa kuliko mrija mzima mfupi wa kilo 9!

Hili lina matokeo ya moja kwa moja usiku. Kila stendi hunyumbuka kidogo kama springi, hata ile nzito. Inesha inapokuwa kubwa, mtikisiko unakuwa wa polepole na hukawia kutulia. Mota inapotoa marekebisho madogo, mrija mrefu hukawia kuitika, kisha hupitiliza. Mtu aliyefuata kanuni ya nusu kwa uaminifu, akabaki chini ya kikomo chake kwa kilo mbili, anakesha akiangalia nyota zenye umbo la yai, na haelewi kwa nini.

Vyuma vya kusawazisha vinaonyesha waziwazi ubovu wa kanuni hii. Tuseme mzigo wako unasawazishwa na chuma cha kilo 5 kilichowekwa sentimita 40 kutoka kwenye mhimili. Mizania ileile utaipata ukiweka kilo 10 kwenye sentimita 20. Lakini inesha ya chuma cha kwanza ni 0.8, na ya kile cha pili ni 0.4. Umeongeza kilo 5 juu ya stendi, na upinzani wa upande ule umepungua kwa nusu. Wapigapicha wazoefu wanalijua hili na wanalifanya: wanaweka chuma kizito karibu na mhimili badala ya chuma chepesi kwenye ncha ya fimbo. Wanaongeza uzito ili stendi itulie, halafu kesho yake wanamfundisha mgeni kwamba uzito ndio adui.

Sasa tuje kwenye swali ambalo kanuni ya nusu hailiulizi kabisa: picha yenyewe inahitaji usahihi kiasi gani? Hili hutegemea urefu wa fokasi wa darubini na ukubwa wa pikseli za kamera. Chukua ukubwa wa pikseli kwa maikromita, gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita, zidisha kwa 206. Utapata ni sekunde ngapi za tao zinazoangukia kila pikseli. Kamera nyingi za siku hizi zinazotumia vihisi vya Sony, kama IMX571 na IMX533, zina pikseli za maikromita 3.76. Ukifunga kamera hiyo kwenye darubini ndogo ya lenzi yenye fokasi ya milimita 250, kila pikseli inachukua sekunde 3.1. Ukiifunga kwenye Celestron C8, yenye fokasi ya milimita 2,032, kila pikseli inachukua sekunde 0.38.

Tuseme stendi yako ina kosa la wastani la sekunde 1 ya tao, jambo la kawaida kwa stendi za bei ya kati zinazoongozwa vizuri. Tuseme pia hewa ya usiku huo inaitawanya nyota kwa upana wa sekunde 2 na nusu. Ukiviunganisha vyote viwili, nyota inakuwa na upana wa sekunde 3.4 hivi. Kwenye darubini ya milimita 250, hiyo ni pikseli moja na kidogo, na hakuna jicho litakalolalamika. Kwenye C8, ni pikseli 9. Stendi ni ileile na kosa ni lilelile, ila mmoja amepata nukta kali na mwenzake amepata doa.

Kanuni inasemaje juu ya hao wawili? Chukua stendi ya Celestron AVX, iliyotangazwa kubeba kilo 13.6, yaani nusu yake ni 6.8. Mrija wa C8 una kilo 5.7, uongezee kamera na viunganishi vya kilo 1, jumla 6.7. Kanuni inasema: pita. Kisha aje mtu mwenye darubini ya lenzi ya fokasi milimita 400, kamera nzito, gurudumu la vichujio, kamera ya kuongozea na kompyuta ndogo juu yake, jumla kilo 8 zilizokusanyika karibu na mhimili. Pikseli yake inachukua karibu sekunde 2, na kosa la stendi lisingemsumbua. Kanuni inasema: rudi, mzigo wako umezidi. Imempitisha aliyepaswa kuzuiwa na kumzuia aliyepaswa kupita. Kipimo kinachotoa majibu ya kinyume katika kesi za kawaida kabisa hakistahili kuitwa tahadhari.

Upepo nao haujui kilo. Hewa inayokwenda mita 5 kwa sekunde, upepo wa kutikisa majani tu, husukuma mrija wa mita 1 wenye upana wa sentimita 24 kwa nguvu inayokaribia niutoni 3.6, sawa na kuning'iniza robo tatu ya nusu kilo juu yake na kuiondoa ghafla. Mrija wa darubini ndogo ya lenzi, wenye urefu wa sentimita 30 na upana wa 8, hupata sehemu moja ya kumi ya nguvu hiyo. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa watu wa pwani hili si jambo la vitabuni. Kitovu cha Njia Nyeupe, kule kwenye kundi la Mshale, hupanda juu sana angani katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na hiyo ndiyo miezi ya Kusi. Anayetaka kupiga picha za anga Mombasa, Tanga au Unguja katika miezi hiyo anapaswa kuuliza mrija wake unaupa upepo uso mkubwa kiasi gani kabla ya kuuliza una kilo ngapi.

Historia ya upigaji picha za anga nayo iko upande wangu. Mwaka 1883, Mwingereza Andrew Ainslie Common alipiga picha ya nebula iliyo katika kundi la Jabari kwa darubini ya kioo cha inchi 36, na mwaka uliofuata akapewa Medali ya Dhahabu ya Royal Astronomical Society. Darubini hiyo ikauzwa kwa Edward Crossley wa Halifax, naye mwaka 1895 akaitoa kwa Lick Observatory, juu ya Mlima Hamilton, California. Kule ikawa mzigo. Stendi yake ilikuwa imeundwa kwa ajili ya Uingereza, zaidi ya digrii 51 kaskazini, na Mlima Hamilton uko digrii 37. James Keeler alipoichukua mwaka 1898 aliifanyia kazi stendi hiyo kipande baada ya kipande, mpaka kioo kilekile kikaanza kutoa picha zilizoshangaza dunia: nebula ndogo zilijaa kila upande alikoielekeza, naye akakadiria kwamba 120,000 kati yake zimo ndani ya uwezo wa darubini ile. Kioo hakikupunguzwa uzito. Kilichobadilika ni jinsi kilivyoshikwa na kuzungushwa.

Na kama uzito ungekuwa adui, darubini ya Hale ya Mlima Palomar, iliyozinduliwa mwaka 1948, isingefanya kazi hata usiku mmoja. Sehemu yake inayozunguka ina uzito wa tani zaidi ya 500. Wahandisi wake waliiegemeza juu ya utando mwembamba wa mafuta yanayosukumwa kwa shinikizo, msuguano ukashuka mno, hata mota ya sehemu moja ya kumi na mbili ya nguvu ya farasi ikatosha kuifuatisha nyota. Wahandisi wale walitafuta ugumu wa fremu, wepesi wa mzunguko na utulivu wa gia. 

Kuna jambo moja zaidi ambalo linaifanya kanuni ya nusu kuwa mbaya zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Ulaya. Stendi ya ikweta huinamishwa kwa pembe inayolingana na latitudo ya mahali. London mhimili wake husimama kwa digrii 51 na nusu, na uzito wote unakaa takriban juu ya katikati ya tripodi. Nairobi, kwa digrii 1.3, mhimili unalala karibu chini kabisa. Mzigo wote unaning'inia mbele, upande wa ncha ya anga, na skrubu inayoshikilia mwinamo ndiyo inayobeba adhabu. Fimbo ya vyuma vya kusawazisha inaposhuka, inagonga mguu wa tripodi ulioelekea upande huo. Wengi wetu huizungusha tripodi ili fimbo ipite katikati ya miguu miwili. Ni suluhisho zuri, lakini lina gharama: ukingo wa kuangukia sasa ni mstari unaounganisha miguu hiyo miwili, na mstari huo uko nusu tu ya umbali uliokuwapo mguu mmoja ulipokuwa mbele. Mguu ukiwa sentimita 50 kutoka katikati, ukingo mpya uko sentimita 25. Mzigo umekwenda mbele, na egemeo limerudi nyuma.

Baadhi ya stendi haziwezi hata kufika huko. AVX niliyoitaja imetangazwa kwa latitudo za digrii 7 hadi 77. Dar es Salaam iko digrii 6.8, nje kidogo ya mlango. Zanzibar, Mombasa, Arusha, Nairobi, Kampala na Bujumbura zote ziko nje kabisa. Mtu wa Mombasa anaweza kupima kilo zake kwa uangalifu wote, akanunua stendi inayobeba mara mbili, ikapita forodhani, kisha akagundua uwanjani kwamba haiinami vya kutosha. Kanuni aliyofundishwa haikumwambia aangalie. Isitoshe, kwetu sisi nebula ile ya Jabari hupita karibu na utosi, na kwa kuwa iko digrii 5 tu kutoka ikweta ya anga, kosa lolote la mhimili mkuu linaonekana kwa ukubwa wake wote. Wingu Kubwa la Magellan, lililo karibu digrii 70 kusini, huonyesha theluthi moja hivi ya kosa hilohilo. Darubini, kamera na kilo hazijabadilika. Umegeuza tu shabaha, na mahitaji ya stendi yamebadilika mara tatu.

Najua watakachosema watetezi. Watasema kwanza kwamba mgeni hawezi kupigiwa hesabu zote hizi, anahitaji jambo moja rahisi la kushika. Nakubali kwamba anahitaji wepesi. Nakataa kwamba wepesi lazima uwe kilo. "Darubini yako ina fokasi ya milimita ngapi?" ni swali jepesi kuliko la kilo, jibu lake limeandikwa kwenye mrija wenyewe, na halihitaji mizani. Mgeni akiambiwa aanze na fokasi isiyozidi milimita 400 na mrija mfupi, amepewa kinga kubwa kuliko ile ya nusu, kwa sentensi moja.

Watasema pia kwamba kamera ya kuongozea hurekebisha yote. Haifanyi hivyo. Kamera hiyo huona kosa baada ya kutokea, kwa kawaida kila sekunde moja hadi tatu, kisha huagiza mota. Kosa la polepole la skrubu inalimudu vizuri. Mtikisiko wa upepo unaokuja na kuondoka ndani ya nusu sekunde haiuwahi, na mara nyingine huagiza marekebisho ya kitu ambacho kimekwisha kupita, na hivyo kuongeza kosa jipya. Kadiri mrija unavyokuwa mrefu na mzito kwenye ncha, ndivyo makosa ya aina hii ya pili yanavyozidi.

Hoja yao ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na nitaijibu kwa heshima inayostahili. Wanasema: stendi kubwa haijamdhuru mtu, ukizidisha uwezo, umejiwekea akiba. Kwa mtu mwenye nguzo ya zege nyuma ya nyumba na anga jeusi juu ya paa lake, ni kweli. Lakini wengi wetu tunaishi mijini ambako taa zimefuta nyota, na ili kupiga picha lazima tutoke. Stendi ya aina ya EQ6-R, kichwa chake, tripodi na vyuma viwili vya kusawazisha, inakaribia kilo 35 kabla hujaweka darubini. Hiyo haipandi bodaboda, haiingii matatu wala daladala bila ugomvi, na haibebwi na mtu mmoja kutoka barabarani hadi uwanjani gizani. Usafirishaji wake kutoka ng'ambo hutozwa kwa uzito na ujazo. Uwezo wa akiba uliolala stoo haupigi picha hata moja. Stendi ndogo iliyolinganishwa vyema na mrija mfupi, inayotoka nje kila mwezi mwandamo, ndiyo itakayomfundisha mtu kazi.

Kama si kilo, basi tulinganishe nini? Mambo manne, kwa mpangilio huu. Kwanza, sekunde za tao kwa pikseli, kwa hesabu niliyoionyesha. Kosa la wastani la stendi liwe takriban nusu ya hapo, au hewa ya mahali pako isiporuhusu zaidi, basi kulingana na hewa. Pili, urefu wa mrija na mahali kamera inapokaa. Kilicho mbali na mhimili kipunguzwe au kisogezwe karibu. Tatu, uso unaoupa upepo, na kinga uliyo nayo. Nne, latitudo yako, na kama stendi inaifikia bila fimbo kugonga miguu. Kilo ziangaliwe mwisho, kuhakikisha tu kwamba mota hazikwami na chuma hakipindi. Hapo zina haki yake, kama sharti la chini, na zisipewe zaidi ya hapo.

Na jaribio la kumaliza ubishi wote halihitaji katalogi. Funga kila kitu kama utakavyopigia picha, waya zote zikiwa mahali pake. Elekeza darubini kwenye nyota angavu, ikuze kwenye skrini, kisha gonga mguu wa tripodi kwa kidole kimoja. Nyota itaruka, itayumba, kisha itatulia. Ikitulia ndani ya sekunde moja, una stendi. Ikiyumba sekunde tatu au nne, huna, hata kama boksi limeandikwa kilo 30. Fungua programu ya kuongozea uangalie grafu yake kwa dakika 10: ikionyesha mawimbi ya taratibu, ni gia, na programu itayamudu; ikionyesha miiba ya ghafla, ni ugumu, mizania, waya unaovutwa au upepo, na hakuna programu itakayokuokoa. Dakika hizo 10 zitakuambia mengi kuliko namba zote zilizochapwa kwenye boksi.

Nawaomba wauzaji wetu, walimu wa klabu za shule na kila mwenye uzoefu anayeulizwa na mgeni: acheni kuanza na kilo. Anzeni kwa kuuliza fokasi, pikseli, urefu wa mrija, upepo na latitudo. Nanyi mnaonunua, msikubali jibu la mtu ambaye hajawauliza hayo matano, hata awe na miaka mingi kiasi gani kwenye kazi hii. Kanuni ya nusu haijawahi kupima kile inachodai kupima, na wakati wake wa kufundishwa umekwisha.